Bingwa wa Dama Aliyemchezea Mjomba Wangu

Mwezi uliopita, nikisubiri gari kule Mboko, nilisikia vizibo vya chupa vikigongwa kwenye ubao wa dama. Nikakumbuka, ndugu yangu, siku ile katika mji wetu wa Baraka, nikiwa msichana mdogo wakati wa vita.

Jirani yetu alikuwa bingwa. Kuanzia Swima hadi Fizi hakuna aliyemshinda. Jioni, sisi tukitwanga sombe, majani ya muhogo, na harufu ya ndakala, dagaa wa ziwani, ikijaa uani, tulimsikia barazani kwake akiwachokoza wenzake. Katika dama, ukiona pa kula, lazima ule. Kwa hiyo alikuwa akiwatolea kizibo kimoja makusudi. "Kula, mukubwa, kula! Mi nangoja tatu!" Bibi aliyenilea, mama wa kanisa, hakumpenda. Alisema mchezo ule unaiba saa za sala.

Kisha wenye silaha wakakamata vijana wa kuwabebea mizigo hadi Minembwe, milimani. Mjomba wangu, kitinda mimba wa bibi, alikuwa kati yao. Waliotangulia kuchukuliwa hawakurudi. Komanda wao alijulikana kwa kujisifu kwamba ni fundi wa dama. Basi bibi akaenda mwenyewe kwa jirani, akapiga magoti.

"Baba, mi sina kitu. Kuya ushindane na komanda, uchezee mutoto yangu."

Niliwafuata hadi kwenye kizuizi cha barabarani, vijana walikofungwa. Jirani alipomwomba mchezo mmoja, komanda akacheka. "Ukinishinda, mutoto anarudi. Ukishindwa, na wewe unabeba."

Jirani akapanga vizibo taratibu. Walicheza mpaka jirani akasukuma kimoja mbele. "Kula, mukubwa." Komanda akala. Jirani akaruka vitatu vya mwisho, na mchezo ukaisha. Hata askari walipiga makofi.

Mjomba akafunguliwa. Bibi alikuwa bado anasema "Asante Yesu" komanda aliposimama.

"Fundi kama huyu nitamuacha hapa acheze na nani? Twende naye."

Jirani alimtazama bibi bila hasira. "Mama, muniombee." Wakampandisha njia ya milimani, ubao ukiwa kwapani mwa komanda.

Leo mjomba ana wajukuu. Namshukuru Mungu kwa kila mmoja wao, na kila mara nasita katikati ya shukrani. Bibi alimtaja jirani kabla yetu sote katika sala zake, hadi alipofariki. Baraza la jirani halipo tena. Pamejengwa duka, na wanaouza humo hawamjui. Habari yake haijafika. Nami sijaweza kumwombea kama marehemu. Ninamwombea kama mtu aliye safarini.