Bei ya Skafu ya Kijani

Kichina changu ni cha sokoni. Nilikiokota Guangzhou, enzi zile nilipokuwa nafuata mabegi ya kuja kuuza Kariakoo, na adabu hakina. Kinajua ghali mno, punguza kidogo, na basi, naenda zangu.

Sikutegemea kingenifaa huku Germantown, Marekani, ninakotunza wazee majumbani. Nilipelekwa kwa bibi mmoja wa Kichina aliyepoteza kumbukumbu na kugoma kula. Binti yake alinipokea mlangoni, koti la kazini hajalivua, akanieleza waziwazi: daktari akimpima tena akamkuta kapungua uzito, itabidi ahamishiwe kwenye nyumba ya wazee. "Huko hatakuwa na wa kuongea naye," akasema.

Wiki nzima bibi alifumba mdomo. Mimi subira sina, nikaudhika. Mchana mmoja nikainyakua skafu yake ya kijani kitandani, nikamuuliza kwa Kichina, hii bei gani?

Macho yakamtoka. Kumbe maisha yake yote aliuza vitambaa, binti aliniambia baadaye. Akataja mia mbili bila kupepesa.

"Ghali mno! Hapo unaniumiza."

Akaipapasa skafu, akaisifu, akaniita bahili, na huku anabishana mkono wake ukalivuta bakuli la uji. Akala. Wenye vibanda kule Guangzhou ndivyo walivyo, hula huku wanauza.

Tangu hapo nikawa nainunua skafu ileile kila mchana. Haki ya Mungu, sijawahi kuomba muuzaji asipunguze bei, lakini huyu nilimwombea. Akishusha upesi naitafutia skafu kasoro ili mabishano yasiishe, naondoka mpaka mlangoni, ananiita, "Rafiki, rudi!" Narudi, anaongeza kijiko. Daktari akampima, akaridhika. Binti akanikumbatia, na mimi si mtu wa kukumbatiwa.

Majani yalipoanza kupukutika, niliishika skafu kama kawaida. Bei gani?

Akanitazama kwa upole ambao sikuupenda.

"Ichukue, rafiki."

"Nitalipa. Taja bei."

"Ichukue tu."

Nikaenda mlangoni, nikasimama. Hakuniita. Kichina changu hakina neno la kumwomba mtu apandishe bei. Nikarudi mwenyewe, nikamwambia mia mbili, nakupa mia mbili zako. Akatikisa kichwa, akanifunga skafu shingoni. Uji ulikuwa umeshaganda juu, haujaguswa.