Ndovu Niliomwonyesha Mkwe

Kosa lilikuwa langu. Miwani niliiacha nyumbani makusudi, sikutaka mkwe anione nimezeeka. Huyu ni baba wa mume wa binti yangu. Mwaka jana alinitembeza Nairobi siku tatu, akanipandisha lifti za maghorofa huku akinicheka ninavyong'ang'ania ukuta. Alipokuja Voi, ilikuwa lazima nami nimshangaze.

Nilimpeleka nje kidogo ya mji, penye vichaka. "Ndovu!" nikamnong'oneza. Walikuwa watatu, wekundu kwa udongo wa kwetu, wamesimama tu.

"Mbona hawatikisi masikio, mkwe?"

"Wamelala. Ndovu wa Voi hulala wima. Usikohoe!"

Maskini mzee wa watu alichuchumaa nyuma yangu nusu saa nzima, amebana kikohozi mpaka machozi yakamtoka. Mimi nikawa namweleza yupi dume, yupi jike mwenye mimba.

Ndipo mbuzi akatokea vichakani, akarukia mgongo wa yule mwenye mimba, akasimama juu yake na kuanza kula nyasi zilizoota hapo.

Mkwe akakohoa kikohozi chote alichokuwa amekibana. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mkwe, hicho kichuguu kinatarajia kuzaa lini?"