Chungu cha Mama Mkubwa

Juzi mjukuu wangu aliungua kidole, akalia, nami nikasema, "Alhamdulillahi." Mama yake akanitolea macho.

Neno hilo nililisikia utotoni, kwenye kambi ya wakoma waliyoijenga Wajerumani chini ya milima yetu, alikotibiwa mama mkubwa. Alasiri niliyomtembelea palinukia kunde na dawa ya vidonda. Mama mkubwa aliipua chungu mafigani kwa mikono mitupu. Nikadhani ni ushujaa, nami nikakishika.

"Inauma?" akaniuliza.

"Inauma, mama," nikalia.

"Alhamdulillahi," akasema, akitabasamu.

Nilimnunia siku nyingi. Sikujua kwamba mikono yake ilikuwa haisikii moto tena, na kwamba kilio changu ndicho kilichomwambia kuwa mimi ni mzima.