Kikohozi cha Aminiel

Aminiel hakuwa na ugonjwa wowote wa kifua. Hilo tuliweke wazi mapema, maana habari yake yote ni ya kukohoa.

Alikuwa Mmeru wa Akeri, mwenye kahawa na migomba mteremkoni, Mlutheri wa kukaa benchi la pili. Kila msimu wa uwindaji alishuka mlimani kwenda nyika za Simanjiro kuwatafutia wageni wanyama. Mgeni ndiye mwenye kibali na bunduki, mwindaji bingwa ndiye kiongozi, lakini anayetangulia akiwa ameinamia mchanga kusoma nyayo alikuwa Aminiel. Yeye ndiye aliyesema mnyama yuko wapi, na yupi ndiye wa kupigwa.

Sasa, sheria inataka dume. Wageni wanaijua, ila mtu aliyevuka bahari kwa ajili ya pembe, akishaziona, masikio huziba. Ilitokea mara nyingi bunduki ikainuliwa na kumbe aliyesimama pale ni jike, au dume changa lililostahili kuachwa likue. Mtu mwingine angesema, "Hapana." Aminiel hakuwa mtu wa kusema hapana. Alilelewa kwa adabu ile ambayo mkubwa hakatizwi neno, na kwake yeye mgeni alikuwa mkubwa hata akiwa kijana wa kumzaa. Basi alikohoa. Kikohozi kimoja, kikavu. Mnyama alikuwa karibu, akasikia, akatimua mbio. Mgeni alilaani, Aminiel akaomba radhi na kusingizia vumbi, safari ikaendelea.

Nyumbani kikohozi hicho kilikuwa sifa ya ukoo. Mkewe Tabitha aliwasimulia wanakwaya wenzake mpaka wakamwomba apumzike. Binti yao Diana, alipokuwa mdogo, hakutaka hadithi za sungura; alitaka za wanyama waliokoholewa. Aminiel alikuwa akisimulia huku anacheka, na kwa kweli alijiona mtu mwema.

Halafu ikaja bunduki yenye kompyuta. Aliileta mgeni mmoja aliyeitwa Oscar, mstaafu mpole aliyejifunza kusema shikamoo na kuwaamkia hata vijana wa jikoni, wakawa wanaona aibu kuitikia. Hans, mwindaji bingwa, Mchaga wa Machame, alimweleza Aminiel namna inavyofanya kazi. Unamtazama mnyama kwenye kioo, unabonyeza kitufe, alama nyekundu inamganda. Kisha unavuta kifyatulio, lakini risasi haitoki hapo hapo. Bunduki yenyewe inapiga hesabu ya umbali, ya upepo, mpaka ya mkono wako unavyotetemeka, na inangoja. Pale itakaporidhika, inajifyatua; ukiachia kidole kabla ya hapo, haipigi.

"Mzee Aminiel, mambo ya kujeruhi yamekwisha," alisema Hans. "Hii haikosi."

Na Aminiel alifurahi. Tusimnyime haki yake. Ni yeye aliyekuwa akifuata damu kwenye miiba kutwa nzima, mgeni akishampiga mnyama tumboni, na ni yeye aliyekuta wengine wamekufa vibaya. Silaha isiyokosa aliiona ni huruma.

Siku hiyo waliona choroa, wale swala wakubwa wenye pembe mbili ndefu zilizonyooka, wakila majani ng'ambo ya korongo kavu, mbali sana. Zamani wangetembea, wakainama, wakatambaa, na wakifika karibu Aminiel angekuwa ameshajua kila kitu. Safari hii hakuna aliyetambaa. Oscar alilala kifudifudi juu ya kilima, akaweka bunduki sawa.

"Yule wa kushoto ana pembe za ajabu," alinong'ona Hans. "Ni dume, mzee?"

Choroa jike naye ana pembe, na mara nyingi zake ni ndefu kuliko za dume, ila nyembamba. Hilo Aminiel alilijua vizuri. Lakini kwenye darubini joto lilikuwa likichezacheza juu ya ardhi, shingo ikaonekana nene, na watu wawili walikuwa wanamsubiri.

"Naona ni dume," alisema.

Oscar akabonyeza kitufe, alama ikaganda, akavuta kifyatulio. Ndipo yule choroa alipogeuka ubavu, na Aminiel akaona tumbo. Lilikuwa tumbo la kuzaa wiki ile ile.

Akakohoa.

Choroa aliendelea kula. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, na Oscar, bila kutoa jicho kwenye kioo, alimsogezea chupa ya maji kwa mkono wa kushoto. Upepo ulikuwa unayumba. Bunduki ilikuwa bado inangoja. Kidole cha Oscar kingeachia kwa neno moja tu, na huyu hakuwa mgeni wa kulaani. Angeachia na kusema asante. Neno lilifika mpaka kwenye meno ya Aminiel, likakaa hapo. Upepo ukatulia, na bunduki ikajifyatua.

Ilipiga pale pale ilipoambiwa. Choroa alianguka bila kupiga hata hatua, na walipompasua wakamkuta ndama ameshaota manyoya. Oscar alikaa chini kwenye mchanga. Alisema aliweka alama kwa yule aliyeonyeshwa. Hans alisema yeye aliuliza, na mtambo ukafanya kazi yake. Bunduki nayo, kama ingeweza kuulizwa, ingejitetea vizuri kuliko wote. Aminiel hakuulizwa kitu, naye hakusema kitu. Taarifa ikapelekwa, kampuni ikatozwa faini, Oscar akakatisha safari akarudi kwao.

Aminiel alipanda mlimani na kumwambia Tabitha kwamba msimu ulikuwa mzuri. Kilimuuma kila siku, kwenye kahawa, kwenye maombi, hata akimkamua ng'ombe wake, lakini alinyamaza. Alijiambia kwamba alikohoa, na kwamba umbali si kosa lake.

Jumapili moja Diana alikuja kutoka Kaloleni, alikopanga chumba. Walikuwa wametoka ibadani na wanakula loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, simu yake ilipolia. Baba yake alikuwa na simu ya kitochi, kwa hiyo Oscar alikuwa ameachiwa namba ya binti.

"Baba, ni yule mgeni wako! Ametuma video," alisema Diana. "Kumbe bunduki yake inarekodi yote inayoona na kusikia. Anasema anaitazama mara kwa mara, na siyo kwa kujisifu." Akasoma zaidi, akiyageuza maneno ya Kiingereza taratibu. "Anasema kila akiitazama anakusikia unakohoa, na roho inamuuma kwamba hakukujali. Anaomba tukupeleke hospitali, upimwe kifua."

Tabitha aliweka kijiko chini.

"Hebu fungulia," alisema.

Diana akafungulia. Choroa alikuwa anakula, alama nyekundu imemkaa begani. Akageuka ubavu. Kikohozi. Kikohozi tena. Chupa ikakwaruza mawe. Baada ya hapo ukawa ni upepo tu, upepo, upepo, muda mrefu kuliko Aminiel alivyokuwa amejidanganya, muda wa kutosha mtu kusema hapana, akarudia, na akaeleza na sababu. Kisha mlio.

Diana aliangalia simu, halafu akamwangalia baba yake. Yeye aliyelelewa kwa hadithi za waliokoholewa hakuhitaji kutafsiriwa.

"Baba Diana," alisema Tabitha, polepole, bila ukali. "Muda wote ule ulikuwa unafanya nini?"

Aminiel alitazama bakuli lake.

"Nilikuwa nakohoa," alisema.