Saluti ya Soni

Siku ile ya soko pale Soni naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningefurahi kuisahau. Uhuru ulikuwa bado mpya, na mimi nilikuwa luteni mpya, nimerudi kutoka mafunzoni ng'ambo, nyota ziko begani na kichwa kimevimba. Nilikuja likizo nimevaa sare. Nani aliniambia nivae sare kwenda kununua sukari? Hakuna. Nilitaka watu wanione tu.

Basi nikakutana na Sajenti Zefania, jirani yetu wa kule Kwai, rika la baba yangu mdogo. Ndiye aliyenifundisha kwata nilipokuwa kuruta, na ndiye aliyenisemea kwa wakubwa mpaka nikapelekwa kozi ya uofisa. Siku hiyo naye alikuwa likizo, kavaa shati la nyumbani, kabeba tenga la mapeasi. Akasimama, akatabasamu, akangoja nimwamkie kama nilivyomwamkia tangu utotoni. Nami nikasimama, nikangoja anipigie saluti. Alipokaa kimya nikamuuliza mbele ya watu wote, "Sajenti, hunioni?" Akatua tenga lake, akabana miguu, akanipigia saluti. Wauza kabichi waliacha kuongea. Mimi nikapita zangu, eti nimeridhika.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Mama alianza kunisema kwa Kiswahili, kisha akahamia Kishambaa, na mama yangu akihamia Kishambaa ujue umekwisha. Akanitaka niende kwa Zefania saa ileile nikamwombe radhi. Nikamjibu kwamba jeshi lina taratibu zake. Akaniangalia, akasema, "Jeshi silijui. Nakujua wewe, na leo umenitia aibu."

Mwanangu, sikwenda. Nilipanda basi nikarudi kambini, nikajiambia nitakwenda likizo ijayo. Likizo zikapita, vyeo vikaja kimoja baada ya kingine, na kila cheo kilinizidishia ugumu wa kwenda. Zefania akastaafu, akarudi kulima viazi, na sisi hatujasemezana.

Vilipokuja vita vya Kagera nilikuwa brigedia, roho za maelfu ya watu ziko mkononi mwangu. Nilikuwa mkali, sikufichi. Maofisa wangu walinijibu "Ndiyo, Afande" kabla sijamaliza kusema, nami nikadhani hiyo ndiyo nidhamu. Mgambo wakaletwa kutoka kila mkoa, na katika wale wa Tanga nikamwona Zefania, kichwa kimejaa mvi, amerudi kwa hiari yake kuongoza vijana wa doria. Alinipigia saluti. Nikaitikia, nikapita.

Asubuhi moja tulitakiwa kuvuka kinamasi kikubwa, na njia iliyokuwa kwenye ramani ni moja, tuta jembamba la udongo. Nikatoa amri, kisha nikauliza kama kuna mwenye neno. Kimya. Zefania, ambaye alikuwa ametoka doria upande uleule, alisimama nyuma ya maofisa. Nilimwona akifungua mdomo, kisha akaufunga na kutazama viatu vyake. Nilimwona, mwanangu, sitakudanganya kwamba sikumwona. Nikakunja ramani, na platuni ya kwanza ikaondoka.

Moyo ukakataa kutulia. Hata chai ilinishinda. Mwishowe nikamfuata alipokaa na vijana wake, nikavua kofia, nikasema, "Shikamoo, baba." Wale vijana wakatazamana. "Marahaba," akaitikia taratibu. Nikamuuliza ameona nini kule mbele.

"Mizinga wameielekeza kwenye tuta," akasema. "Nilimwambia kapteni wangu. Akasema Brigedia ameshaamua."

Nikakimbilia redio. Brigedi yote tuliigeuza, tukazunguka kwa njia ya vilimani siku mbili nzima, tukavuka salama. Lakini platuni ya kwanza ilikuwa imeshafika katikati ya tuta. Vijana saba hawakurudi.

Vita vilipokwisha nikapandishwa kuwa jenerali. Lushoto walinipokea kwa ngoma, viongozi wakasema maneno mazuri, nami nikakenua meno kama inavyotakiwa. Halafu nikapanda Kwai nyumbani kwa Zefania, nikamuuliza lililokuwa likinichoma: kwa nini hakusema palepale mbele ya ramani?

Alimaliza kumenya kiazi alichokishika, akakiweka kando. "Nilikuogopa," akasema. "Kufa sikuogopa. Niliogopa utanifokea mbele ya watoto kama siku ile sokoni, na kwa umri wangu nisingeweza kuvumilia mara ya pili. Na mimi wale saba nawalilia."

Tukalia wote wawili, watu wazima. Nikamwomba radhi, akanipa. Ila wale saba sina pa kwenda kuwaomba.

Ndiyo maana nakusumbua na haya, mwanangu. Na wewe iko siku utapewa watu wa kuwaongoza, iwe darasa, ofisi au kikosi. Usifurahi sana wakikunyamazia. Mtazame yule anayefungua mdomo kisha akaufunga, na ukimwona usikunje ramani. Mfuate, mwamkie, muulize, na akikwambia usilolipenda mshukuru watu wakisikia, ili na mwenzake kesho athubutu. Na kama yupo mtu uliyemwaibisha, usimwekee likizo ijayo. Nenda leo, kabla cheo hakijakufanya mzito.

Mungu akupe masikio kabla hajakupa nyota. Akuwekee wakubwa wa kukusema ungali unasikia. Na wote utakaowatuma mbele, awarudishe kwa mama zao, mpaka wa mwisho wao.