Sizoni Moja ya Myanga

Nimelelewa Kitale, kwa wakulima, na kwetu sizoni ni neno lisilohitaji maelezo. Unapanda Machi, unavuna kuelekea Krismasi, mwaka umekwisha. Ukubwani ndipo nililikuta likifanya vibarua vingine. Muuza avokado wa Kiminini akisema "si sizoni," jua bei imepanda kabla hujauliza. Binti yangu naye ana sizoni za runinga, na moja anaimaliza kwa wikendi.

Nilipokodi shamba kule Myanga, Bungoma, nilibishana bei mpaka jasho, nikapima kwa hatua kwenda na kurudi, maana hata miguu hudanganya. Muda sikuugusa.

"Ni sizoni moja," mama mwenye shamba alisema.

"Moja," nikakubali, nikijiona mshindi. Nikapanda mbegu yetu ya mahindi ya Kitale, ile ndefu isiyo na haraka.

Agosti nikamkuta kando ya shamba na ng'ombe wawili wa plau. Mahindi yangu yalikuwa mabichi, hata ndevu hazijakauka. Yakilimwa, nimevuna majani.

"Mtu wa Kitale, si utoe vitu zako? Nataka kupanda maharagwe."

"Mama, sizoni haijaisha!"

"Iliisha. Angalia majirani."

Nikaangalia. Kote mabua makavu. Kumbe huko mvua huja mara mbili, na mwaka mmoja una sizoni mbili. Mimi, mtu wa kuuliza kila kitu, hilo sikuliuliza.

"Ati mahindi gani hii imekaa kama shemeji amekosa nauli?"

Akaingia katikati ya mistari, akabonyeza hindi moja, kisha la pili.

"Mahindi imebeba mtoto haikatwi, bana. Lakini maharagwe yangu haiwezi ngoja wewe. Toa majani ya chini, jua ifike. Nitapanda katikati."

"Na hayo majani?"

"Ya ng'ombe. Ama unabeba Kitale?"

Nilitaka kubishana, kwa mazoea tu. Nikavua koti, nikaanza mstari wa kwanza. Alifungua ng'ombe, akanifuata na jembe, akifukia mbegu.

"Na huko kwenu," akauliza, "hiyo miezi yote mnangojanga mahindi, mnafanyanga nini?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa. Nikanyofoa majani ya bua lililofuata.

"Tunayaangalia, mama."