Kilima cha Mwisho Kuitwa

Parokia yetu ilikuwa upande wa Burundi: vilima vilivyoinuka kimoja nyuma ya kingine kutoka ziwani, na kanisa juu ya kile cha katikati. Bibi alisimulia kwamba kengele yake ilivushwa kwa mtumbwi kutoka Ujiji, kisha wanaume wakaipandisha mabegani. Kila kilima kilidai ndicho kilichobeba zaidi, na ubishi huo haukuisha.

Jumamosi ile mimi na mama tulikuwa tukifagia kanisa, kwa kuwa zamu ilikuwa ya kilima chetu, Gasenyi. Ukungu ulilala juu ya ziwa, hata ungedhani dunia inaishia pale.

"Hawa wa wiki jana walifagia kama wanampapasa mgonjwa," mama alisema, akacheka peke yake.

Milio ya bunduki ilianzia upande wa mto.

Tulikimbia. Kwenye migomba aliniachia mkono.

"Tangulia, mwana wanje," aliniita kwa Kirundi, mwanangu. "Namfuata bibi yako."

Nikatangulia.

Ufukwe wa Kagunga, ng'ambo ya mpaka, ulijaa watu mpaka mchanga haukuonekana. Mvuvi mmoja wa pale alikuwa akigawa uji wa muhogo.

"Shikamoo, mzee. Hujamwona mama mrefu, yuko na kikongwe?"

"Marahaba, mwanangu. Wamepita wengi. Kunywa kwanza."

Katika kambi ya wakimbizi, katekista wetu aliendelea kuita vilima kila baada ya misa, kwa mpangilio uleule wa zamu za nyumbani. Kilima kikiitwa, watu wake walisimama ili wajuane nani kafika. Wengine walikumbatiana, wakalia, wakacheka. Gasenyi iliitwa mwisho. Nilisimama peke yangu, Jumapili baada ya Jumapili, na nilikuwa nikiwaonea wivu mpaka nikajiogopa.

Halafu siku moja nilisikia mtu akisimama nyuma yangu. Khanga ilichakarisha. Sikugeuka upesi. Nilitulia pale, mwili mwepesi, nikiwa na mama.

Nilipogeuka nikamwona Mama Odeta, jirani yetu.

"Niliwazika mimi mwenyewe," alisema. "Wote wawili, pamoja."

Nilimshukuru. Wengi hawakupata hata wa kuwaambia hivyo.

Leo naishi Simbo, karibu na Ujiji, nalima muhogo, na wajukuu wangu hawaijui Gasenyi. Simlaumu mtu. Ila ningejua, siku ile kambini ningechelewa zaidi kugeuka.